Kiroba cha Kiti cha Mbele

Lilifika Kurasini ndani ya makontena manne,
reli zimejikunja kama utumbo,
na kitabu cha maelezo ambacho hakuna fundi
aliyejua hata kimeandikwa kwa lugha gani.
Baba alikisoma kwa picha.
Alipomaliza kufunga, bolti tatu zilibaki.
Alizitia mfukoni, wiki nzima hakupata usingizi.

Watoto wa Tandika waliliita Joka.
Kiingilio mia mbili, tiketi ya Joka mia tano,
ukishuka bila kutapika unapigiwa makofi.

Kila alfajiri, geti halijafunguliwa,
baba alivifunga mikanda viroba kumi na viwili vya mchanga
akavizungusha mara tatu.
Alivipa majina: Meneja, Mwenye Nyumba,
Shemeji Kaingilila, Bwana Kodi.
Cha kiti cha mbele hakukitaja.
"Hawa wakirudi wazima, na watu watarudi."
Yeye mwenyewe kupanda? Thubutu!

Mwaka wa mgao umeme ulikatika
Joka likiwa kileleni.
Alikwea ngazi, tochi mdomoni,
akawateremsha mmoja mmoja, huyu analia, yule anacheka,
isipokuwa Bi Havijawa wa Mtoni,
aliyeng'ang'ania chuma: "Nimelipia kupanda na kushuka.
Kupanda nimepanda."

Basi akaketi pembeni yake.
Mji mzima giza, bandari tu inawaka kwa jenereta zake.
Mimi chini, na chupa ya chai inayopoa.
Walizungumza nini huko juu, sijui mpaka leo.
Saa nne na robo taa zikarudi,
Joka likakohoa, likateremka nao wawili,
na ile sauti iliyoamsha mbwa hadi Keko
haikuwa ya Bi Havijawa.

Halafu zikaja mvua za El Nino.
Kutu haina haraka.
Wakaja wanunuzi wa chuma chakavu na mizani,
wakapima vicheko vyetu kwa kilo.
Pale sasa ni ghala la saruji.
Yombo kuna dirisha, nondo zake zimepinda kidogo,
mwenye nyumba anamlaumu fundi bure.

Kiroba cha mbele ninacho mimi,
kinazuia mlango wa jikoni usijibamize.
Juzi mshono umeachia.
Mchanga ukamwagika sakafuni,
na bolti tatu.

Nimezirudisha. Nimekishona tena.