Mia Saba na Hamsini

Chumba hakina dirisha. Kuta ni za kijivu,
kijivu kisichompendelea mtu.
Taa mbili, moja kushoto, moja kulia,
kila moja imeinama nyuzi arobaini na tano:
nyuzi za pembe, si nyuzi za pamba,
ingawa zamani, hapa Łódź, ndani ya matofali haya haya mekundu,
pamba ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa,
na mmoja wa waliohesabu alikuwa mama.

Genowefa, mkaguzi wa vitambaa, zamu ya usiku.
Alikuwa na kioo cha kukuzia, kidogo kama kisanduku cha kiberiti.
Anakilaza juu ya shuka, anainama,
anahesabu nyuzi ndani ya sentimita moja
huku mitambo ikinguruma mpaka meno yanamcheza.

Mimi nimerithi kuinama.
Mbele yangu chati imebandikwa, imenyooshwa, haina kunyanzi:
mistari myeusi, mistari myeupe,
inaanza minene kama reli za tramu,
inasogeleana, inasogeleana,
kama watu kwenye foleni ya mkate siku ya theluji,
hadi pale katikati, ambapo karatasi yenyewe
inajua kwa kuambiwa tu kwamba ina mistari.

Kamera ya saba ilifika Jumatatu, ndani ya sanduku la sponji.
Ubavuni imeandikwa kwa rangi ya dhahabu: MISTARI ELFU.
Naifunga juu ya miguu mitatu. Napima umbali kwa utepe wa chuma.
Nabana pumzi,
maana hata pumzi hutikisa ushahidi.

Mia nne: safi, kama meno ya kitana.
Mia sita: safi.
Mia saba: kingo zinaanza kulegea,
wembe ulionyoa wiki nzima.
Mia nane: mvuke.
Hapo ningetegemea iishie, kijivu juu ya kijivu,
kamera ikiri, macho yangu yamefika hapa.

Lakini mia tisa, tazama,
mistari inarudi!
Minene, mizuri, imepinda kidogo
kama maji aliyopita bata.
Naihesabu kwenye karatasi: tisa.
Naihesabu kwenye skrini: mitano.
Na hiyo mitano inaelekea upande
ambao ile tisa haikuelekea kamwe.
Asiyeona amenyamaza? Hapana.
Asiyeona amesimulia.

Dobromir wa mauzo anachungulia mlangoni na kikombe chake cha chai.
"Mistari si hiyo naiona? Andika elfu. Mteja wa Gdynia anasubiri."
"Unaiona," namwambia. "Haipo."
Anacheka. Anapuliza chai.
"Nani atahesabu?"

Usiku mmoja, mwaka ule wa foleni, umeme ulipungua,
taa za kiwanda zikawa mishumaa,
na mama akaandika kwenye daftari, mahali pa namba: sijui.
Walimkata mshahara wa siku mbili.
Tulikula viazi. Sikumbuki kama vilikuwa na chumvi.
Nakumbuka alivyolifunga lile daftari.

Naandika: mia saba na hamsini.
Zaidi ya hapo, kamera inabuni.
Nalifuta neno la mwisho; ripoti haipendi maneno ya namna hiyo.
Nalirudisha.

Jioni napanda tramu hadi kwake, halafu ngazi, ghorofa ya nne.
Mtoto wa jicho amelifunika jicho la kulia;
la kushoto analitumia kwa uchoyo, kama akiba.
Haoni uso wangu. Anaona mahali nilipo.
Anaushika mkono wa koti langu jipya,
anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada,
taratibu, kichwa amekiinamisha
kama anayesikiliza ukutani.

"Ishirini na mbili," anasema. "Kwa sentimita."
Birika linaanza kulia jikoni.
"Au ishirini na tatu. Sijui."