Stakabadhi za Mto

Jumanne na Ijumaa lori langu hupeleka maji Quebrada Honda,
lita hamsini kwa kichwa kwa siku, hata tone lisizidi,
na kila mlango huniwekea sahihi.

Kuna daraja pale. Nguzo sita za zege,
chini yake mawe, na mbuzi.
Watoto wa chekechea hudhani daraja
ni kitu cha kupanda ili uone mbali.

Nolfa Olmos alianza na mipira myeusi ya umwagiliaji
iliyotupwa na shamba la parachichi ilipopasuka kwa jua.
Akailaza mle mle mto ulimokuwa ukijipinda.
Hakupima. Alitembea tu, kisigino kikikumbuka.
Akaongeza vizibo, vya buluu penye kina,
vyeupe pale maji yalipokuwa yakipiga kelele.
Mlango wa friji ukawa kidimbwi alimojifunzia kuogelea.
Makopo ya samaki akayakata yakawa samaki.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Shika huku," akasema. "Vuta."

Basi kila Ijumaa nikawa navuta,
injini ikinguruma bure, bosi hana habari.

Agosti akaniomba ile koki ya lori iliyokuwa ikivuja.
Akaifunga juu kabisa, kwenye chanzo,
mpini wake akautia mfukoni mwa aproni.

Ndipo nikaziona karatasi.
Stakabadhi zangu, miaka tisa, za rangi ya waridi,
zimetungwa kwa uzi wa nailoni ukingo mzima.
Upepo ukipita zinatoa sauti;
Nolfa anasema ndiyo hiyo, karibu ndiyo hiyo.
Nikasoma mwandiko wangu.
Watu: wanne. Watu: wanne. Watu: watatu,
mwaka Ramiro alipokwenda migodini.
Watu: wawili.
Kisha wino umekolea mahali kalamu iliposita:
mmoja.
Nilikuwa nimeandika yote hayo
na sikuwahi kuyasoma.

Juzi gari jeupe lilisimama darajani.
Bwana mmoja wa mjini, viatu safi, akapiga picha,
akauliza hii ni nini.
"Mto," nikamwambia.
Akamgeukia mama: unauzwa?

Nolfa alikuwa ameinama, anabana kizibo kwa waya.
"Ulishauzwa," akasema.

Huko mlimani miparachichi ilisimama kwa mistari,
kijani, imeshiba.
Nikajaza tangi lake, nikamtolea kitabu, akatia sahihi.
Watu: mmoja.
Mbuzi hawahesabiwi.