Kisanduku Kimoja

Fomu ina visanduku vinne.
"Weka alama moja tu," imeandikwa kwa herufi nzito,
na Bogna, miaka arobaini na mitatu, dobi wa hospitali mjini Bytom,
ameilaza juu ya mashine namba sita, ile inayotetemeka,
ili mkono ukikosea apate wa kumlaumu.

Kocha Radomir alishakata shauri: bikini.
Mgeni, anasema, huingilia mlango wa mbele.
Mabega yasipige kelele, kiuno kiteleze,
meno yaonekane hadi safu ya mwisho ya viti,
na viatu vya kioo, kisigino sentimita kumi na mbili.
Bogna alivijaribu Jumanne, chumba cha chini cha jimu,
akatembea kama mbuzi juu ya barafu.
Tabasamu lilimponyoka hatua ya pili,
likamrudia jioni ndani ya tramu;
mkagua tiketi akadhani ni lake.

"Welnesi," amesema Halszka wa zamu ya usiku,
mkono kiunoni, kana kwamba yeye ndiye jaji.
"Mapaja unayo. Umepandisha makaa ghorofa ya nne,
ndoo mbili mbili, tangu nyanya yako yu hai.
Huko mapaja ndiyo wanayoyatafuta."
Ni kweli.
Lakini mapaja yale yalijengwa kwa ajili ya jiko la mtu mmoja,
naye keshazikwa, na jiko limezibwa kwa saruji.
Bogna haoni raha kuyapaka mafuta
na kuyaonyesha kama risiti.

Fiziki, wao hupanda miguu mitupu.
Hilo nusura limchukue.
Kusimama bila viatu mbele ya ukumbi wenye viatu,
nyayo juu ya mbao, vidole vimetanuka!
Ila misuli ya fiziki hajaifikia,
na misuli haikopeshwi.

Ikabaki figa.

Hapa lugha yangu inanicheka:
figa ni umbo, lile la kugeuziwa shingo barabarani,
na figa ni jiwe la jikoni, jeusi kwa moshi,
halisifiwi na mtu,
ila liondoe, uone chungu kitakavyolala.

Majaji wa figa, sheria inasema, husoma mgongo.
Upanuke toka kiunoni, mabega yauchukue.
Mgongo wake Bogna hakuwahi kuujua.
Mumewe aliujua, akaondoka bila kuusimulia.
Basi Halszka akampiga picha kwa simu, bila hodi,
Bogna kainamia ngoma ya mashine,
anavuta mashuka mabichi, kilo thelathini, yamejisokota kama kamba ya meli.
Bogna akaitazama picha.
"Huyu nani?"
"Wewe, mwehu."
Akaitazama tena. Akaikuza kwa vidole viwili.
Miaka kumi na tisa ya mashuka:
ya waliojifungua, ya waliokata roho,
ya yule kijana aliyelia usiku kucha kwa jino tu,
yote yamepita pale, kati ya bega na bega,
na yeye akidhani yanakwenda zake.

Ada ni zloti mia mbili na hamsini, hairudishwi.
Radomir atanuna siku mbili, kisha atamfundisha.
Viatu vya kioo bado atavaa, hakuna pa kukimbilia.

Lakini watasema, "Robo, kulia,"
kisha tena, "Robo, kulia,"
na majaji saba watabaki na mgongo wake,
yeye atabaki na pazia.
Hapo hakuna anayedai meno.
Atapumua.
Atalikagua pazia toka juu hadi pindo:
nani alilifua,
na kwa maji ya joto gani.