Safu ya Nyuma

Mwalimu Ayuma ameileta kwa toroli,
imefungwa shuka la hospitali na kamba ya katani:
kompyuta ile ile, sanduku la rangi ya uji,
kioo chake inchi tisa, kimejengewa ndani
kama jicho ndani ya fuvu.
"Macho yangu yameingia ukungu, Ombima.
Nitafutie namna picha yake itoke nje,
ikae kwenye kioo kikubwa.
Ila sanduku usinitoboe."

Luanda, siku ya soko.
Nje ya kibanda wanabishania bei ya omena.
Nachukua bisibisi ya shina refu, maana skrubu mbili
zimejificha kule juu, ndani ya mpini.
Mtu wa pupa hazioni.

Mwaka wa themanini na tisa tulikuwa hamsini na watatu
kwa hizo inchi tisa.
Wa mbele waliona mshale.
Sisi wa nyuma tuliona visogo.
Visogo vyao navijua mpaka leo:
cha Ayieta kilikuwa na kovu la mwezi mchanga,
cha Okwemba kilinyolewa vibaya kila mwisho wa mwezi.
Nikamnong'oneza Okwemba, "Kuna nini huko?"
"Mshale."
"Unafanya nini?"
"Unaenda."

Nafungua. Kwanza umeme uliolala kwenye kioo,
huo hauaminiki hata mashine ikizimwa wiki nzima.
Mkono mmoja kazini, mwingine mgongoni,
naushusha ardhini kwa waya. Tap!
Halafu vumbi.
Nyumba ya nyigu, ya udongo, wenyewe walihama.
Na chini kabisa, karibu na spika,
kipande cha chaki ya buluu.

Kiliingia kwa matundu ya juu.
Najua aliyekiingiza.
Ilikuwa siku ya kufagia, darasa tupu,
siku yangu pekee ya kuikaribia,
na ilikuwa imezimwa.

Natia mfukoni.

Kwenye bodi natafuta njia tatu:
moja hubeba nuru yenyewe, nukta kwa nukta,
moja husema mstari umekwisha, rudi mwanzo,
moja husema ukurasa umekwisha, panda juu.
Ya nne ni ardhi; bila hiyo zote huropoka.
Nazilehemu nyaya nyembamba kuliko nywele za mahindi,
nazipitisha kwenye chipu ya miguu kumi na minne
niliyoing'oa kwa printa iliyokufa,
ili zipate pumzi ya safari.
Kebo inatokea kidirisha cha betri.
Sanduku halina jeraha.

Kioo cha kwanza, chembamba, cha juzi juzi, kikakataa.
Kikaandika kwamba mdundo huu hakiufahamu, kikalala.
Siku tatu nikakibembeleza.
Jumapili nikaenda Kisumu, nikazunguka Kibuye
mpaka nikapata monita nene, yenye kisogo,
shilingi mia saba,
muuzaji akinitazama kama mtu anayenunua jeneza lililotumika.

Picha ikaja imelala upande,
ikiteleza juu, juu, juu,
kama mtu anayepanda kilima cha matope akirudi alipoanzia.
Nyeupe imekuwa nyeusi.
Nikageuza ishara moja, nikaongeza kinzani.
Ikasimama.
Ukurasa mtupu, mpana, na pembeni
mshale.

Mwalimu akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.
Kile kioo kidogo nacho kilikuwa bado kinawaka,
vyote viwili vikionyesha kitu kimoja,
mama na mtoto wamevaa kitambaa kimoja.
Akausukuma mshale kulia. Akausukuma kushoto.
Akacheka peke yake.
"Njoo uketi hapa mbele."

Nikarudi nyuma hadi mlangoni,
nikaegemea mwimo, kelele za soko mgongoni.
Kutoka hapo niliuona.
Fundi viatu wa jirani akanyoosha shingo begani kwangu.
"Kuna nini humo?"
"Mshale."
"Unafanya nini?"
"Unaenda."

Na Mwalimu, bila kugeuka:
"Chaki yangu ya buluu je, umeikuta?"