Sinia la Machungwa

Uwanja wa ndege wa Boston, afisa aliniuliza nimefuata nini.
Nikajibu: Nimekuja kuoza.
Mkalimani kwenye simu akanyamaza kidogo.
Sijui alichagua kuoza kupi,
lakini muhuri uligongwa.

Kwetu Muheza tunakujua kote kuwili.
Msimu ukikolea machungwa hulala kando ya barabara,
gunia kwa bei ya kibiriti,
mpaka nyuki wanayakinai.
Hapa Lowell nilikabidhiwa kumi na mawili tu,
kila moja na kibandiko chake kama mwanafunzi wa bweni,
yamefungwa kwa karatasi nyekundu ya kung'aa.
Shangazi, nikaambiwa, usiyadondoshe.

Saa moja asubuhi, Aprili, theluji ya mwisho
imejikunyata pembeni mwa maegesho ya duka la mazulia.
Tukapangwa wawili wawili,
ndizi kwa ndizi, keki kwa keki,
bata wawili wa kuokwa wakitazamana.
Mbele yetu Mhina, mtoto wa marehemu kaka yangu,
ndani ya hariri ya kukodi
iliyokatwa kwa ajili ya mtu asiyekula ugali.
Mimi ni fundi cherehani. Nilimbana mgongoni kwa pini tisa
na kila alipovuta pumzi
nilizihesabu upya.

Ngoma ikalia. Jirani mwenye koleo
akasimama, akavua kofia;
labda alidhani tunazika.

Chanthavy alibadili nguo mara sita.
Mara ya nne mshono ukaachia kwapani,
wakaja kunitafuta mbio, wasichana watatu,
wakinionyesha sindano kwa vidole.
Bafuni nikapiga magoti kwenye vigae,
yeye kasimama na taji lake,
hageuki kushoto wala kulia.
Tulia, nikamwambia.
Akatulia. Neno lenyewe hakulijua.
Nikakata uzi kwa meno.

Kisha ikafika zamu ya wazazi wa bwana harusi
kuwafunga nyuzi nyekundu viganjani.
Kaka hayupo. Nikaenda mimi.
Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa tangu Muheza,
yakanitoroka yote pale kwenye zulia, miguu bila viatu.
Nikafunga fundo la kushikizia kifungo,
lile lisilofumuka hata shati likichakaa,
nikasema: Mhina, ukikasirika, usilale nje.
Watu wakaitikia kwa heshima
kana kwamba nimeomba dua ndefu.

Bibi yake bibi harusi wote wanamwita Yeay.
Alinivuta mkono hadi ngazi za nyuma ya nyumba,
akafungua kopo la biskuti:
jani, popoo, chokaa.
Tambuu!
Nyanya yangu wa Pangani alizikwa na kijaluba chake,
na mimi miaka arobaini sijakunja jani,
lakini vidole vilikumbuka. Yeay akavitazama,
akapiga paja, akacheka kwa fizi.

Tukatafuna bila lugha.
Halafu akanyoosha vidole vitano
akavikunja vinne, kimoja kimoja, taratibu,
kama mtu anayefunga milango ya nyumba kubwa usiku.
Kikabaki dole gumba. Akajigusa kifua nalo.
Nilisikia habari za vita vyao redioni nikiwa binti,
kati ya salamu za wagonjwa na bei ya mkonge.
Sikujua kama vina idadi inayoenea mkononi.
Nami nikakunja kimoja: baba yake Mhina.
Akakishika kidole changu kilichokunjwa,
hakukiachia mpaka tulipoitwa ndani tukale.

Tulitema pamoja, juu ya theluji.

Kesho yake jirani na koleo lake
akakuta madoa mekundu, mawili mawili,
akagonga mlango, uso umempauka:
kuna mtu ameumia?
Nilikuwa peke yangu sebuleni, nikimenya chungwa.
Nikamjibu kwa Kiswahili, maana ndicho nilicho nacho:
Hakuna, baba. Tulikuwa tunaoza.