Kwa Msarikie

Barua ilifika Jumanne, umeme umekatika,
ikasomwa barazani kwa mwanga wa dirisha:
liko jiwe kati ya Mirihi na Mshtarii,
asteroidi, akasema Dakta Aikaeli, si nyota, si kimondo,
na tangu leo linaitwa kwa jina la chuo chetu.
Tukapiga makofi. Mpishi akauliza lina ukubwa gani.
Kama kutoka hapa Uru hadi stendi ya Moshi, akajibiwa.
Akaguna, akarudi kwenye maharage yake.

Mimi ni mtunza stoo. Nina funguo ishirini na moja
na daftari la chaki, balbu, ndoo.
Sikusema kitu.
Chuo kilipewa jina la mahali,
mahali palipata jina kwa babu yangu, Msarikie,
aliyekuwa na kihamba hapa, mfongo ukipita juu,
masale yamesimama mpakani kama mashahidi.

Udongo wa kwetu ni mweusi, unazaa ndizi na mawe.
Kila masika jembe lilipiga kengele:
ngo!
Babu akainama, akang'oa, akabeba,
akalundika ukingoni. Miaka thelathini.
Bibi alisema mgongo wake aliuacha kwenye lile lundo.

Walipokuja na kamba na vigingi
fidia ilihesabiwa kwa shina: mgomba huu mkubwa, huu mchanga,
mibuni kumi na saba, msesewe mmoja.
Mawe hayakuhesabiwa.
Mawe yakaingia kwenye msingi wa maabara
bure, na yamo mpaka leo. Mvua ikinyesha
nayaona pale lipu ilipobanduka. Nayajua.

Nasinyari wa mwaka wa pili, yule aliyeliona
likiwa nukta, picha hii hapa, picha ile pale,
usiku alinipeleka uwanjani. Kibo imejifunika.
"Ni kule, shangazi, ila macho hayaliwezi."
Nikatazama kule kule.
Giza tupu, na humo ndani
jina la babu linazunguka
bila masale, bila zamu ya maji,
bila jirani wa kudai njia.

Nilitaka kulia, nikacheka,
maana nilimsikia, mkono kiunoni,
akilipima kwa jicho la mkulima:
Hilo moja liacheni lilipo.
Halisumbui jembe.