Kidole Gumba

Nyuma ya nyumba za kiwanda, Walukuba,
pale reli iliyolala inapozama majanini,
tuligawiana ardhi kwa hatua za Ofwono:
kumi na mbili urefu, nane upana,
na Ofwono ana miguu mirefu, Mungu ambariki.
Mimi nikaangukia namba tisa:
mawe, vigae vya chupa, buti moja la zamani
lenye panya na wanawe ndani.

Nililima. Si kwamba napenda kulima;
pensheni ya kiwanda ilikuwa bado iko njiani,
na njia yenyewe haijulikani.
Nakati ilitangulia, ukafuata mchicha wa dodo
usiopandwa na mtu,
kisha maharage ya njano, yakatambaa
mpaka kwenye nguzo ya stima iliyokufa
yakaivisha shati.

Siku ile ya kwanza tuliweka sharti moja tu:
kila debe linalovunwa, makopo mawili
yaende kwa wasio na kiwanja.
Na kwa kuwa nilikuwa karani wa bohari
miaka kumi na tisa,
kopo nikapewa mimi.

Nitasema sasa, maana Nangobi hayupo tena kunisuta:
nilipima kidole gumba kikiwa ndani.
Hivi. Ukilishika kopo hivi,
kidole kinatulia kama mtu wa nyumbani,
na punje ishirini zinabaki guniani.
Punje ishirini! Nani atazihesabu?
Hajati Zamzam alishukuru, akaondoka.
Mlinzi wa shule alishukuru, akaondoka.
Shukrani zao zilinikwama kooni
kama mwiba wa ngege.

Ndipo akaja mtoto wa Akurut, wa safu ya mwisho,
hana sahani, hana mfuko.
Alishika pindo la sweta lake la shule
akalitandaza kama anayekinga mvua.
Nikapima. Akalitazama kopo,
akauliza, bila ubaya wowote:
"Jajja, na kidole chako tutakipika?"

Ofwono alicheka hadi akaketi juu ya matuta ya watu.
Mimi sikucheka.
Nilimwaga, nikapima upya,
nikajaza hadi kilima, kilima kikamomonyoka,
sweta likalegea kwa uzito,
na njia nzima kutoka kwangu hadi safu ya mwisho
kuku wa watu wakapata habari.

Mvua za pili zilipokaribia, Akurut alibisha hodi
na gunia lililoloa: marando ya viazi
kutoka kwao Kumi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba.
"Kiwanja sina," alisema, "mikono ninayo."
Asante hakusema. Alinionyesha tu
namna ya kulilaza rando, kulipinda kiuno,
macho matatu yalale chini ya udongo,
mawili yabaki juu kuangalia hali ya hewa.
Halafu akahamia namba kumi, kumi na moja,
jua likamkuta namba ishirini na sita
akimfokea Ofwono kwamba matuta yake
ni membamba kama ahadi za diwani.

Sasa kote huku ni viazi vya Akurut,
hata pale kwa Nangobi, namba nne,
ambayo hakuna aliyethubutu kuiita tupu.
Tunailima kwa zamu,
na kila wiki tunagombana ni zamu ya nani.

Kopo limezeeka. Kutu imelitoboa kitako,
tundu la kupita punje moja.
Watu wananiambia ninunue jingine,
sokoni yamejaa.
Nasema nitanunua. Sinunui.
Siku ya kupima nalishika kwa chini,
na kidole gumba changu, kile kile,
kinakaa nje,
kimeziba tundu.